Mwenyekiti, Nguzo Ije Mwisho

Kamati nyingi za kiwanja huanza na nguzo. Mtu amesikia kwamba kuna mfadhili mwenye nguzo nne, au diwani ameahidi taa kumi, na kabla chai ya kikao haijapoa mashimo yamekwisha chimbwa. Mwaka unapogeuka, kiwanja kina nguzo za kupigia picha, deni la umeme, na vijana wanaocheza saa 10 jioni kama zamani, maana usiku mpira hauonekani.

Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi, nikiwa mwalimu wa michezo na baadaye mjumbe. Nimeona kwamba giza la kiwanja huzaliwa mezani, katika sentensi fupi zinazosemwa kwa nia njema na kupigiwa makofi. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa sentensi hizo. Ukisikia mojawapo, nyoosha mkono, simama, soma jibu lililo chini yake. Jibu lenyewe, kwa kila sentensi, ni moja: kiwanja humulikwa kutoka chini kwenda juu. Anza na mtu aliyesimama uwanjani, ufuate anachotaka kuona, kisha uchague taa. Nguzo ije mwisho.

1. “Taa zimepatikana, sasa tutafute pa kuziweka”

Kabla ya taa, tafuta ratiba. Huku karibu na ikweta jua haliagi kwa muda mrefu: pwani huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni usiku kamili. Mwanafunzi anatoka darasani saa 9 au saa 10. Kama ni msichana, mara nyingi kuna ndoo ya maji na sufuria vinamngoja nyumbani. Akimaliza, wavulana wamekwisha kalia kiwanja na jua linazama.

Basi chukua karatasi uandike: nani atacheza, siku zipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Weka nafasi ya magharibi na isha. Andika pia mwezi wa Ramadhani, kwani pwani na visiwani ligi za usiku huchangamka baada ya tarawehe. Karatasi hiyo ndiyo mchoro wa kwanza wa mradi wako, na haigharimu hata shilingi.

Ukishaiandika, huenda ukagundua kwamba hitaji la kwanza si uwanja wa soka. Kiwanja cha netiboli kina mita 30.5 kwa 15.25, yaani mita za mraba 465 tu. Kukimulika vizuri kunahitaji kilowati moja na nusu hadi mbili. Umeme wa uwanja mmoja mkubwa wa soka unaweza kuwasha viwanja kumi vya mpira wa pete. Nawaomba wajumbe wayarudie maneno hayo kwa sauti, halafu wajiulize ni wasichana wangapi wangecheza.

2. “Tunataka mwanga kama wa Uwanja wa Benjamin Mkapa”

Namuelewa anayesema hivyo. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda zilipokea mashindano ya CHAN, na mwaka 2027 zinasubiri AFCON. Watoto wameona nyasi zikimeremeta usiku kwenye televisheni nao wanataka zao. Lakini mwanga ule umewekwa kwa ajili ya kamera, ambayo ina njaa ya mwanga kuliko jicho la binadamu.

Kipimo chake ni laksi: laksi moja ni lumeni moja ya mwanga iliyotua kwenye mita moja ya mraba. Mwezi mpevu hutupa kama robo ya laksi. Jua la adhuhuri hufika laksi 100,000. Katikati ya hapo ndipo pa kuchagua. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 12193, ambacho wahandisi wengi wa taa hukitumia, kinagawa soka katika ngazi tatu: laksi 75 kwa mazoezi, shule na mchezo wa kujifurahisha, laksi 200 kwa mechi za klabu za kati, na laksi 500 kwa mashindano ya juu. Viwanja vya mechi za kimataifa za televisheni huvuka 1,000.

Kwa kiwanja cha kata au cha sekondari, panga laksi 200 za mechi, na swichi ya kuzipunguza hadi 75 siku za mazoezi. Hapa ndipo taa ya LED inapoonyesha ubora wake. Hupunguzwa bila shida, na umeme ukikatika na kurudi huwaka papo hapo. Taa za zamani za metali halidi zikizimika hutaka dakika kumi au zaidi zipoe kabla ya kuwaka tena. Kwenye mtaa ambao umeme hupepesa, dakika kumi hizo huvunja mechi.

3. “Ongeza wati”

Wati ni chakula cha taa, lumeni ndiyo kazi yake. Halojeni ya wati 1,000 hutoa kama lumeni 20,000. LED nzuri ya wati 150 huzifikisha. Kwa hiyo mtu akikuuzia wati, muulize lumeni, na akizitaja muombe karatasi ya maabara.

Halafu piga hesabu mwenyewe, maana ni kuzidisha na kugawanya tu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Ukitaka laksi 200, zidisha: lumeni 1,428,000 lazima zitue chini. Lakini si mwanga wote unaotua ndani ya mistari, na vumbi na umri hula sehemu. Chukulia sita ya kumi zinaingia uwanjani, kisha ubakishe asilimia 20 kwa ajili ya vumbi na uzee. Sita ya kumi mara nane ya kumi ni 0.48. Gawa, utapata karibu lumeni milioni 3. Kwa taa yenye lumeni 140 kwa kila wati, hizo ni kilowati 21 na kidogo: taa 18 za wati 1,200, tatu katika kila nguzo, nguzo sita.

Hesabu hii haimfukuzi mhandisi, bali inakufanya uzungumze naye kwa heshima. Akikuletea pendekezo la taa sita, utajua cha kuuliza. Akileta taa hamsini, utajua pia. Naye akupe ramani ya laksi: mchoro wa kiwanja wenye namba ya mwanga katika kila pointi. Asiyeweza kuchora ramani hiyo anauza taa tu, na wewe unahitaji mpango.

4. “Zile nguzo za mita 9 zipo, tuzitumie”

Sasa tumefika kwenye nguzo, na ni hapa viwanja vingi huharibikia. Kanuni ni rahisi. Simama katikati ya uwanja, uitazame taa iliyo ubavuni. Jicho lako linapaswa kuinuka nyuzi 25 hivi kutoka usawa wa ardhi. Ili kupata urefu wa nguzo, pima umbali kutoka mstari wa katikati wa uwanja, ule unaotoka goli hadi goli, mpaka nguzo itakaposimama, uzidishe kwa 0.47.

Uwanja una upana wa mita 68, nusu yake ni 34. Weka nguzo mita 5 nje ya mstari: jumla 39. Mara 0.47, unapata mita 18. Uwanja wa shule wenye upana wa mita 50 utatosheka na nguzo za mita 14. Netiboli ingekubali fupi zaidi, ila usishuke chini ya mita 8, maana pete yenyewe iko juu mita 3.05 na mpira hurushwa kuipita.

Nguzo ya mita 9 kwenye uwanja mkubwa inakupa nyuzi 13. Ili mwanga ufike katikati, fundi atalazimika kuinua uso wa taa uwatazame wachezaji machoni. Chini ya nguzo nyasi zitang’aa kama mchana, katikati patabaki kivuli, na winga atakuwa akikimbia kutoka adhuhuri kuingia usiku wa manane kila baada ya hatua ishirini. Nguzo ya bure ya namna hiyo mtailipia kila usiku. Ichukueni kwa moyo mweupe, mkaisimamishe getini.

Na nguzo ndefu si mlingoti wa bendera. Msingi wake wa zege uchorwe na mhandisi aliyechunguza udongo na upepo wa mahali hapo. Chuma kiwe kimechovywa zinki, hasa pwani ambako chumvi haina likizo. Nguzo inayoanguka huwaangukia watoto.

5. “Nyuma ya goli kuna nafasi”

Niliwahi kusimama golini kwenye kiwanja kimoja cha kata kilichowekewa taa nyuma ya magoli. Kipa alikuwa kijana wa kidato cha tatu. Alinipa shikamoo, akanionyesha goli la upande wa pili, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: “Mwalimu, hapa kona haiji, inatokea.”

Nilimuomba mwenzake apige kona ili nione. Mpira ulipanda, ukaingia kwenye weupe wa taa, ukapotea. Nilipouona tena ulikuwa umeshanifika kifuani. Kijana yule alikuwa amefungwa mabao mengi msimu ule na akalaumiwa mikono, wakati kosa lilikuwa la mchoro.

Tangu siku ile nashikilia sheria moja kwenye kila kikao: kabla mchoro haujapitishwa, kamati yote iende kiwanjani usiku, na kila mjumbe asimame golini dakika moja. Mtu ashike tochi kali juu ya ngazi pale nguzo inapotarajiwa, mwingine arushe mpira. Utajifunza zaidi ya ulichosoma hapa. Nguzo zikae pembeni, ubavuni mwa uwanja, tatu kila upande au mbili kwa viwanja vidogo. Eneo la nyuma ya goli na lile linalotazamana na mpiga kona liachwe bila taa. Chagua taa zenye lenzi au kingo zinazoelekeza mwanga chini.

6. “Boksi limeandika saa 50,000”

Gawanya nawe uone. Mkiwasha saa 3 kwa usiku, siku 5 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, ni saa 600. Saa 50,000 ni zaidi ya miaka 80. Kipa wa leo atakuwa babu wa vitukuu, na chipu za LED bado zina maisha. Basi namba hiyo haikusaidii kuchagua. Taa ya uwanja hufa kwa mambo mengine.

Hufa kwa draiva, kile kifaa kinachotayarisha umeme kabla haujafika kwenye LED, ambacho joto na umeme usiotulia hukichosha mapema. Omba draiva zikae kwenye boksi linalofungwa, usawa ambao fundi hufikia kwa ngazi ya kawaida, ili ukarabati usihitaji gari la kreni. Nunua mbili za akiba siku ile ile.

Hufa kwa radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na nguzo ya mita 18 kwenye uwazi ndiyo mwaliko wake. Kila nguzo iwe na waya wa ardhi uliopimwa, na bodi ya umeme iwe na kinga dhidi ya umeme kupanda ghafla. Mvua ya radi ikija, mechi isimame, hata taa ziwe nzuri namna gani.

Hufa kwa maji na vumbi, ndiyo maana unatafuta alama ya IP65 au IP66. Na hufa kwa wezi wa shaba. Nyaya zizikwe ndani ya bomba, chini vya kutosha, na mifuniko ya mashimo ifungwe kwa zege au kufuli, kwani soko la vyuma chakavu halilali. Fikirieni pia nyaya za aluminiamu, ambazo haziwavutii wezi kama shaba.

7. “Tuweke sola, umeme ni wa bure”

Jua ni la bure, betri si ya bure. Kilowati 21 kwa saa 2 ni zaidi ya yuniti 40 kwa usiku mmoja. Kuzipata kwa jua kunataka paneli za kilowati 11 hadi 12 na betri za kuhifadhi yuniti zote hizo, tena zibadilishwe zikichoka. Kwa uwanja mkubwa ulio karibu na laini ya umeme, vuta laini ya fezi tatu.

Lakini geukia kile kiwanja cha netiboli. Kilowati 2 kwa saa 2 ni yuniti 4. Paneli za kilowati moja na kidogo zinatosha siku ya jua zuri, na siku zisizo na mchezo zinaweza kusaidia darasa au ofisi ya walimu. Shule iliyo mbali na gridi inaweza kuanza hapo mwaka huu huu bila kusubiri nguzo ya mtu. Sola ikipewa kazi ya ukubwa wake huifanya vizuri sana.

8. “Majirani watazoea”

Hawatazoea, na si haki wazoee. Nyumba ya pembeni ina mgonjwa, mtoto mchanga, mama anayeamka saa 10 alfajiri kukaanga maandazi. Nenda ukabishe hodi kabla ya kuchimba. Waambie taa za uwanja zitazimwa saa 4 usiku, kisha weka saa ya umeme inayozima yenyewe, ili ahadi isitegemee mkono wa mlinzi. Katika ramani ya laksi, mhandisi aonyeshe pia mwanga unaofika kwenye madirisha yao.

Majirani wengine hawana madirisha. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi watajaa kwenye taa, watoto wataacha mpira wakimbilie mabakuli, na hilo tuliache kwao. Ila wadudu wa usiku na popo huumizwa na mwanga mweupe wenye samawati nyingi. Mwanga wa Kelvini 4,000 au chini yake hupunguza madhara, na mpira huonekana vizuri tu. Kwenye fukwe ambako kasa hutaga, kama Watamu na Mafia, vifaranga hutafuta bahari kwa kufuata upeo wenye mwanga. Taa ya uwanja ikionekana ufukweni huwavuta nchi kavu wakafe. Mahali hapo taa zifunikwe upande wa bahari, na misimu ya kutaga iingizwe kwenye ratiba.

9. “Fundi amemaliza, alipwe”

Alipwe, baada ya kiwanja kupimwa. Azima au kodi kipima laksi halisi, maana simu hukisia tu. Gawa uwanja kwa hatua za mita 10: pointi 11 kwa urefu, 7 kwa upana, jumla 77. Vijana wapime usiku, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Tafuteni wastani, kisha mgawanye namba ndogo kuliko zote kwa wastani huo. Kwa laksi 200 jibu liwe 0.6 au zaidi, yaani mahali penye mwanga mdogo kabisa pasishuke chini ya laksi 120. Likishuka, taa zielekezwe upya na mpime tena. Mkataba useme hivyo tangu mwanzo, na sehemu ya malipo ishikwe mpaka namba zitimie. Hesabu hiyo ni somo zuri la takwimu kwa kidato cha pili, na wanafunzi watakuwa wameulinda uwanja wao kwa kalamu.

10. “Ya uendeshaji tutaona mbele”

Tuyaone leo. Mechi ya saa 2 kwa mwanga kamili ni yuniti 43. Gawanya kwa wachezaji 22: haifiki yuniti 2 kwa kila mmoja. Mazoezi ya laksi 75 ni yuniti 16 hivi. Zidisha kwa bei ya umeme wa kwenu na ratiba ya ile karatasi ya kwanza, utapata gharama ya mwezi. Timu za watu wazima zichangie saa zao, ili saa za wanafunzi zisilipiwe na wanafunzi. Weka mita ya peke yake kwa kiwanja, isichanganyike na ya shule, na hesabu zibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi. Tenga kila mwezi kiasi cha kusafisha vioo mara moja kwa mwaka na kununua draiva.

Limebaki jambo moja, ambalo sijasikia likisemwa kikaoni, na nalitaka liwe la kwanza kwenye kikao chako. Mechi inakwisha saa 4 kasoro. Taa 18 zinazimika. Macho yaliyokuwa kwenye laksi 200 yanaingia gizani, na binti wa netiboli ana kilomita moja ya kutembea.

Kwa hiyo ongeza kwenye mchoro taa ndogo chache za njia: moja kwenye geti, moja kwenye vyoo, nyingine kando ya njia inayokwenda barabarani. Hazifiki hata wati 200 zote pamoja. Ziwe na swichi yao, zibaki zikiwaka hata robo tatu ya saa baada ya uwanja kuzimwa. Mwalimu wa zamu asimame getini, ahesabu wanaotoka, na azizime mwenyewe mtu wa mwisho akishafika barabarani. Kama fedha inatosha taa chache tu mwaka huu, Mwenyekiti, anza na hizo.